Betri Sita za Mwaka 1984: Mazungumzo juu ya Kutafuta Ugonjwa wa Redio Kaseti

(Yalitolewa na mwanafunzi wa zamani, fundi redio wa Korogwe, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika maabara ya shule.)



Kamati imeniomba niseme habari ya kazi yangu. Kazi yangu ni ufundi wa redio, na nimeona tangu asubuhi kwamba baadhi ya wenzangu wamekuja na redio kaseti za zamani kwenye mabuti ya magari yao, wakidhani sitaziona. Basi nitazungumza juu ya hizo hizo. Mwenye kutaka hotuba ya maendeleo amsubiri mgeni rasmi.

Kwa vijana ambao hawakuijua, redio kaseti ni chombo kimoja chenye redio, mahali pa kuchezea na kurekodia kanda, ampulifaya ndogo, spika moja au mbili, na mpini wa kukibebea. Katika miaka ya 1970 na 1980 mwenye National, au Sanyo, au Philips ya namna hiyo alikuwa mtu wa kualikwa. Arusi haikunoga bila yeye, na kwenye basi la Handeni alisogezewa nafasi hata kama hakuna nafasi. Leo habari na muziki mnavipata kwa simu. Hata hivyo kazi haijanikauka, maana watu siku hizi hawaleti redio kwa ajili ya redio. Wanaileta kwa ajili ya kanda moja iliyolala kabatini, yenye sauti ya marehemu mama, au barua ya kaseti ambayo mjomba aliituma kutoka Maskati. Fundi akiharibu hapo, hakuna duka la kununua nyingine.

Sasa niseme habari ambayo baadhi yenu mnaijua nusu.

Mwaka 1984 nilikuwa kidato cha tatu na mwenyekiti wa klabu ya sayansi. Shule ilikuwa na redio kaseti moja, iliyotumia betri kubwa sita, au umeme wa jenereta saa chache za usiku, dizeli ilipokuwepo. Ilitunzwa na mwanafunzi mmoja, rafiki yangu, tuliyelala naye bweni moja. Betri zilikuwa adimu. Ulikuwa ni mwaka mmoja tu baada ya ile vita dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983, na kupata betri sita mpya kulitaka kibali na kumjua mtu. Zetu zilifika mwezi wa Aprili, na mwenzangu ndiye aliyekabidhiwa akatia saini.

Tarehe 12 mwezi huo Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Jioni ikavuma kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe anasema jambo zito Redio Tanzania. Shule nzima ikakusanyika uwanjani, redio ikawekwa juu ya meza. Dizeli hatukuwa nayo tangu juma lililotangulia. Mwenzangu akatia zile betri mpya mbele ya macho ya watu wote, akabonyeza. Kimya. Akazitoa, akazipangusa kwa shati, akazirudisha. Kimya vile vile. Habari ya msiba ule tuliipata kwenye redio ndogo ya mzee mlinzi, tumemzunguka getini, walio nyuma wakiwauliza walio mbele amesema nini.

Siku chache baadaye dizeli ikaja. Redio ikachomekwa kwenye umeme, ikalia kama kawaida. Hapo nikaitwa mimi, mtaalamu. Nikatoa hoja ambayo mpaka leo naikumbuka neno kwa neno. Nilisema: redio inalia kwa jenereta, kwa hiyo redio ni nzima, haikulia kwa betri, kwa hiyo betri ni mbovu, betri zilizoletwa zilikuwa mpya, kwa hiyo hizi si zile. Walimu wakaitikia kwa vichwa. Mwenzangu akaonekana ameuza betri za shule na kuweka za kuokota. Alirudishwa nyumbani siku 14, na baba yake akauza mbuzi kulipa betri sita. Aliporudi alimaliza shule vizuri tu, ila mimi hakunisemesha tena zaidi ya salamu.

Tuiache habari hiyo hapo kidogo, twende kwenye kazi.

Redio kaseti ikinyamaza kabisa, jambo la kwanza si bisibisi. Jambo la kwanza ni kuuliza: imenyamaza kwa betri, kwa umeme, au kwa vyote viwili? Kwa sababu chombo hiki kina njia mbili za nguvu zinazokutana mahali pamoja. Njia ya umeme huanzia kwenye waya wa ukutani, hupita kwenye fyuzi na transfoma inayoshusha volti 230, kisha daiodi, aghalabu nne, zinazogeuza umeme uwe wa mwelekeo mmoja, kisha kapasita kubwa linaloulainisha. Njia ya betri ni fupi: betri sita za volti moja na nusu, jumla volti 9, au nane kwa volti 12. Zikishakutana, kinachofuata ni kimoja kwa zote mbili. Kwa hiyo ikifa kwa njia zote, tazama baada ya makutano: swichi ya kuwashia, fyuzi ya ndani, waya uliokatika. Ikifa kwa njia moja, ugonjwa uko kabla ya makutano, upande ule uliokufa, na huna haja ya kuigusa ampulifaya hata kidogo.

Njia ya betri ndiyo inayoua redio nyingi. Betri za kawaida za zinki na kaboni, kama zile za National zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, zina kopo la zinki, na kopo lenyewe ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi. Likitoboka, maji yake hutoka yakala springi na vibati. Uchafu wa betri hizo ni wa asidi, na huondoka kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Betri za alkalini, uchafu wake ni kinyume, ule ukungu mweupe, na huo unataka siki au ndimu. Ukishausafisha, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, kisha piga msasa laini mpaka kibati kiwake. Springi iliyoliwa mpaka ikawa nyembamba itupe. Hata iking'arishwa haipitishi nguvu ya kutosha.

Tena, usiiamini betri kwa kuipima ikiwa peke yake. Betri chovu huonyesha volti 1.5 kwenye mita, lakini ukiipa kazi huanguka. Ipime redio ikiwa imewashwa. Asiye na mita aitie kwenye tochi.

Naam, tochi. Mwaka 1984 shuleni hapa palikuwa na tochi kubwa za betri kama zile zile, ya mlinzi na ya mwalimu wa zamu. Hakuna mtu, na wa kwanza ni mimi mwenyekiti wa klabu ya sayansi, aliyefikiri kuzitia betri zile kwenye tochi kuona kama zinawaka. Ingechukua dakika moja. Zilifungiwa kabatini kama ushahidi, zikakaa humo mpaka zikavuja.

Mwaka 1991 nilikuwa tayari nimefungua kibanda changu Manundu. Mama mmoja akaja na redio ya aina ile ile ya shule, akaniambia: "Mwanangu, kwa umeme inaimba, kwa betri inanuna." Nilitaka kumwambia betri zake ni mbovu, lakini alikuwa amekwisha zijaribu kwenye tochi, mama wa watu, bila kusoma fizikia. Nikaifungua. Pale nyuma, kwenye tundu la kuchomeka waya wa umeme, kuna kibati chembamba kama ulimi. Ukichomeka waya, ulimi husukumwa ukaikata njia ya betri, ili vitu hivi viwili visifanye kazi pamoja. Ukichomoa, ulimi unatakiwa urudi ugusane na mwenzake. Wa redio ile ulikuwa mweusi kwa kutu na vumbi, ukarudi nusu ukakwama. Nilipitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti mara tatu nne katikati ya vibati, nikaupinda ulimi kidogo kwa ncha ya kisu. Redio ikalia. Mama akauliza ni kiasi gani. Nikamwambia aende tu. Siku ile sikufanya kazi nyingine.

Vijana, mtu akikuletea redio inayokataa betri, kwanza tazama kama waya wa umeme umeachwa umechomekwa kwenye redio huku upande wa pili ukining'inia. Hapo betri zimekatwa na hakuna ubovu wowote. Pili, chomeka na kuchomoa waya mara kumi bila kuugusisha ukutani. Mara nyingi ulimi hujisugua ukapona. Tatu ndipo uifungue.

Upande wa umeme nitasema machache, maana huko ndiko kunakoua watu badala ya redio. Chomoa waya ukutani kabla ya kutoa parafujo hata moja. Tazama kichaguzi cha volti nyuma ya redio. Nyingi zilizoletwa kutoka nje zina alama za 110 na 220, na mtoto akikisogeza kwenye 110, umeme wetu utaichoma transfoma. Redio za mtumba zilizouzwa kwa matumizi ya Japani ni za volti 100 peke yake, na FM yake huanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo mtu huilaumu bure kwamba haikamati stesheni. Ukiwa na mita, pima ukinzani kwenye meno ya plagi ikiwa imechomolewa, swichi ikiwa imefunguliwa. Mita isiposogea kabisa, waya umekatika, au fyuzi, au transfoma. Ndani ya transfoma nyingi kuna fyuzi ya joto imefichwa chini ya karatasi yake. Wako mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya. Redio inalia kweli, ila siku transfoma ikichemka hakuna cha kuizuia isiwashe nyumba. Mimi huweka nyingine ya kipimo kile kile au huiacha redio itumie betri.

Na kwa redio iliyolala miaka mingi, usiichomeke moja kwa moja. Mafundi wa zamani tuna taa ya majaribio: balbu ya zamani ya waya, ya wati 40 au 60, iliyofungwa ndani ya njia ya waya mmoja wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na balbu imekuokoa. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Balbu za kisasa hazifai kwa kazi hii.

Nikamtafuta mwenzangu. Nilimpata upande wa Mombo, nikamweleza yote, ulimi, kutu, tochi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na redio yake na kanda moja. Akasema: "Basi fidia yangu ni hii. Tengeneza." Kanda ile ilikuwa ya baba yake, yule aliyeuza mbuzi, marehemu wakati huo, akihesabu kwa Kizigua majina ya ukoo na mipaka ya shamba. Redio ilikuwa hai kwa umeme na kwa betri, lakini sauti ilikuwa na magonjwa manne kwa mpigo. Mengi ninayoyajua juu ya sauti niliyaweka katika utaratibu kwa ajili ya redio ile, kwa sababu niliogopa.

Kwanza kanda sikuitia. Redio ikiwa na shaka, usiilishe kanda ya thamani. Tafuta kanda ya takataka uijaribie.

Nikawasha redio peke yake. Spika ya kulia inasema, ya kushoto kimya. Nikachomeka vipokea sauti vya masikioni, pande zote mbili zikasema. Hapo nikajua ampulifaya ni nzima. Tundu la vipokea sauti nalo lina ulimi wake, ndugu wa ule wa umeme: ukichomeka, spika hukatwa. Ulimi wa kushoto ulikuwa mchafu. Karatasi na spiriti, spika ikarudi. Kama vipokea sauti navyo vingekuwa kimya upande mmoja, ningepima volti kwenye mguu wa kutolea sauti wa ampulifaya. Katika redio nyingi za namna hii mguu huo hukaa karibu nusu ya volti zinazoingia, yaani kwa volti 9 ni kama 4 na nusu. Ukikuta sifuri au ukikuta 9 kamili, ndipo useme ampulifaya imekufa, si kabla. Spika yenyewe hujaribiwa kwa betri moja: gusa kidogo tu waya zake zikiwa zimetolewa, ikisema "kwa", ni nzima.

Ugonjwa wa pili, sauti ikikwaruza nikizungusha kitufe cha kuongezea. Hilo ni vumbi ndani ya kipimo cha sauti, na sisi wa Handeni, kwa miaka yote ya barabara ya vumbi jekundu kabla ya lami, tulilijua sana. Dawa ni dawa ya kusafishia vibati vya umeme, tone moja, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Mafuta ya cherehani hayafai, na mafuta ya nazi, ambayo nimeyakuta kwa macho yangu, hayafai zaidi. Hunyamazisha mkwaruzo siku mbili, kisha hukamata vumbi maradufu.

Wa tatu ulikuwa mbaya: nikibonyeza kanda, redio hupiga yowe. Fundi mmoja alikuwa amekwisha mwambia mwenzangu anunue ampulifaya nyingine. Lakini yowe lilitoka upande wa kanda tu, redio ilikuwa safi. Kuna swichi moja ndefu yenye vibati vingi, inayosogezwa na kitufe cha kurekodia. Ndiyo inayoigeuza njia kutoka kucheza kwenda kurekodi. Vibati vyake vikishika kutu, kimoja kikabaki upande wa kurekodi, sauti hujirudia yenyewe ikapiga kelele. Dawa ni ile ile na mkono wenye subira, mara 30 au 40 kwenda na kurudi, umeme ukiwa umechomolewa na kanda haimo.

Wa nne, sauti nzito na ya polepole, kama mtu anayesema usingizini. Hapo mambo ni mawili. Hedi, kile chuma kinachogusana na utepe, ikichafuka huua sauti nyembamba. Isafishe kwa pamba na spiriti safi. Spiriti ya vidonda ya hospitali mara nyingi ina mafuta ya mbono ndani yake, huacha utando. Halafu mkanda wa mpira unaozungusha mitambo hulegea kwa uzee, mwingine huyeyuka ukawa lami. Mipira ya kufungia karatasi haifai, huvuta na kuachia, na sauti hulia kama ng'ombe. Baada ya kuweka mkanda mpya, pima kwa saa: kanda ya C60 upande mmoja ni dakika 30 na kidogo. Ukikuta 33, bado iko polepole. Nyuma ya mota kuna parafujo ndogo ya kuongezea mwendo.

Hayo yalinichukua siku tatu. Ya nne nikaitia kanda ya mzee. Mwenzangu alikaa kwenye kigoda, akasikiliza upande wote wa kwanza, akageuza mwenyewe. Mzee alipofika kwenye jina la babu fulani alikohoa, na mwenzangu naye akakohoa. Kisha akaniuliza kama inawezekana kuhamishia kwenye kanda nyingine ili hii ipumzike. Tulifanya hivyo, na miaka hii tumeiingiza kwenye simu za wajukuu wake vile vile.

Yumo humu ukumbini. Ameniruhusu niyaseme haya, kwa sharti moja, kwamba ile habari ya tochi nisiiruke.

Redio hii mnayoiona mezani ndiyo ile ya shule. Mtunza stoo ameipata chini ya madawati yaliyovunjika. Sijaifungua. Kwa taa ya majaribio imekubali, imevuma kidogo, nadhani kapasita lake la kulainisha limechoka. Kwa betri bado hatujajaribu. Betri sita mpya hizi hapa, na tochi hii hapa, na mwenzangu amesema yeye ndiye atakayezitia. Tutaanza baada ya chai. Wenye redio kwenye mabuti wazilete pia, ila zisizidi tano, maana jioni nina basi la Korogwe.